Bahari Isiyokupwa

Shangazi aligoma kuingia kwenye mkutano wa dunia kwa sababu hapakuwa na ushungi.

Wa kwake alikuwa nao kichwani, kipande cha khanga ya buluu anachokwenda nacho shamba la mwani. Uliokosekana ni ushungi wa yule mtu wa kuchora aliyetakiwa kuwa yeye. Ukivaa miwani ya uhalisia pepe, ile inayokuonyesha ulimwengu wa kuchora kana kwamba umo ndani yake, kabla hujafika popote unasimamishwa mbele ya kioo na kuambiwa ujichague: ngozi, nywele, nguo. Viatu havipo maana miguu haipo. Watu wote wa huko wanaishia kiunoni na wanaelea. Nywele zilikuwepo za kila namna, za singa, za rasta, za kijani, na upara pia. Kofia ya wachunga ng'ombe wa Marekani ilikuwepo. Ushungi hakuna. Mimi nilikuwa nafuata anachokiona kwenye kompyuta, nikamshauri achukue kofia.

"Yaani mimi, baba, nikakae mbele ya wanaume wa watu nimevaa kofia?"

"Si wewe Shangazi, ni picha tu."

"Kama si mimi, ninakwenda kufanya nini?"

Nimekaa na swali hilo zaidi ya mwaka sasa.

Ilikuwa saa tano kasorobo usiku, Novemba 2024. Tulikuwa ndani ya steshenari yangu hapa Mtwara mjini. Mashine ya fotokopi nilikuwa nimeisukuma ukutani, meza ya laminesheni imetolewa barazani, na sakafuni nimechora mraba kwa chaki, kwa sababu maelekezo yalisema mvaaji apate mita mbili kwa mbili asije akajigonga. Walioalikwa walikuwa watatu: Shangazi, mama mwenzake wa mwani, na mzee mmoja wa Kimakonde mwenye shamba la korosho. Mimi nilikuwa fundi na mkalimani kwa pamoja. Vijana wawili wa mtaani walikuwepo bila kualikwa na mtu, maana hapa kwetu boksi geni halifunguliwi bila mashahidi.

Mzee alipomwona Shangazi kajivika lile dude, uso umefunikwa kuanzia paji hadi puani, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanamke kavaa lipiko!"

Kwa msomaji wa mbali: lipiko ni kinyago cha kuvaa kichwani katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde. Huvaliwa na mwanamume, mwili mzima hufunikwa nguo asijulikane ni nani, na zamani wanawake na watoto walitakiwa waamini kwamba kilichokuja kucheza si mtu. Mzee alikuwa anatania, lakini katika karatasi zote nilizotumiwa kuhusu miwani ile sikukuta maelezo yaliyoifikia kauli yake. Unavaa sura, unatoka uwanjani, waliopo hawajui ni nani anacheza. Ila kwenye mapiko, aliyevaa ndiye mwenye ngoma.

Mwaliko ulitoka kwa watafiti wa chuo kimoja cha Ulaya. Wiki hizo nchi zilikuwa zimekutana Baku, Azerbaijan, kwenye COP29, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi, nao wakaandaa ukumbi wa pembeni, wa hewani, ambamo watu wa pwani za nchi mbalimbali wangekaa na baadhi ya waliokuwa Baku. Walikuwepo wa Marekani Kusini na wa visiwa vya Pasifiki, na ili wote wawe macho kwa wakati mmoja, sisi ndio tuliopewa usiku.

Sikuupokea mwaliko kwa dharau, na sitaki mtu anielewe hivyo. Mikutano hii ilianza Berlin mwaka 1995, na kila miaka inavyokwenda inazidi kufura. Dubai 2023 walikwenda zaidi ya watu 80,000. Kuingia kwenyewe si suala la kujipeleka: kibali upewe kupitia serikali yako au shirika lililosajiliwa kama mwangalizi. Ukishakipata kuna tiketi, kuna viza, kuna pa kulala. Belém, Brazili, mwaka 2025, vitanda vilipanda bei mpaka meli za kitalii zikaletwa kutia nanga ziwe nyumba za wageni. Mkulima wa mwani akitoka hapa ana kilomita zaidi ya 500 za basi kufika Dar es Salaam tu, na hapo ndege hajaiona. Kwa hiyo mtu akisema nitakuletea ukumbi mpaka dukani kwako, unamkaribisha na chai.

Nasi tuna la kuzungumza. Marehemu bibi alikuwa anahesabu umri wa watu kwa dhoruba: huyu kabla ya dhoruba ya Lindi, huyu baada. Ilipiga Aprili 1952. Sisi wajukuu tuliichukua kama hadithi za wazee, hadi Aprili 2019, kilipotangazwa kimbunga Kenneth, shule zikafungwa na watu wakaambiwa wahame mabondeni. Kikapita kusini yetu kikaangukia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, kwa ndugu zetu. Kisha kikaja Hidaya.

Hidaya ilikuwa tarehe 4 Mei 2024. Mvua zake zilikata barabara ya Dar upande wa Somanga, Kilwa, malori yakalala njiani, vitu dukani vikaanza kuhesabiwa. Tarehe 12 mwezi huohuo mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ikakatika huko upande wa Afrika Kusini, intaneti ikafa karibu nchi nzima. Wiki hii tumekatika nchi kavu, wiki ijayo tumekatika baharini. Nilikaa dukani natoa fotokopi za vyeti, simu mezani kama kipande cha ubao, na ikawa mara ya kwanza kufikiria kwamba hiki tunachokiita mtandao ni waya, na waya una mahali unapopita. Tangu hapo nikisikia mkutano wa hewani huuliza kwanza hewa hiyo imeshikwa na waya gani.

Turudi kwenye boksi. Lilikuja na basi, miwani mitatu imelala kwenye sponji kama mayai. Nilikuwa nimeshanunua bando la GB 10 kwa ajili ya shughuli, nikajiona mtu wa maandalizi. Nikawasha ya kwanza kuijaribu, ikaomba ruhusa ya kujisasisha, nikaikubalia kiungwana, na kabla chai haijapoa GB 4 zimekwenda. Ya pili nayo ikaomba. Ya tatu sikuiwasha mpaka usiku wenyewe.

Ndani ya miwani kuna skrini mbili ndogo, kila jicho na yake, na vihisio vinavyojua kichwa kimeelekea wapi. Ukigeuka, picha inageuka nawe. Ikichelewa hata kidogo tu, jicho linasema tumegeuka, sikio la ndani linasema bado, na tumbo ndilo linalolipa. Yule mama mwenzake Shangazi alivumilia dakika kumi, akaivua, akaomba ndimu. Huyu ni mtu anayevuka kwa mtumbwi wakati wa kusi huku akila muhogo. Akakaa kwenye benchi akisikiliza kupitia spika ya kompyuta, na ukiniuliza, yeye ndiye aliyeuelewa mkutano kuliko wote.

Suala la ushungi lilimalizika hivi. Nilimwandikia msimamizi, akaniomba radhi sana, akasema watalifanyia kazi, lakini kwa usiku ule hana la kufanya. Tukaendelea kupekua, chini kabisa tukakuta maumbo yasiyo ya watu: roboti, mbweha, samaki. Shangazi akachagua samaki. "Samaki hana nywele," akasema, suala likafungwa. Na kweli, kama kuna picha iliyobaki huko kwenye seva ya chuo chao, inaonyesha mwakilishi wa wakulima wa mwani wa Mtwara akiwa samaki wa rangi ya chungwa, anaelea katikati ya wataalamu.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mzuri, nisiwadhulumu. Kuba la kioo juu ya bahari ya buluu, mapande ya barafu yanapita, na juu ya pande moja amesimama dubu mweupe. Shangazi alimtazama muda mrefu.

"Yule ng'ombe ni wa nani?"

Nikamweleza habari za dubu, za ncha ya kaskazini, na kwamba kwa wenzetu yule ndiye alama ya jambo lenyewe. Akaniambia sawa. Baada ya kama nusu saa akaniita tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza siri ya mwenye nyumba: "Baba, hii bahari yao haipwi?"

Nikaangalia. Haikupwa. Tulikuwa tumekaa muda ambao ufukweni ungeona mchanga umeongezeka hatua kadhaa, na yale maji yalikuwa palepale, yanameremeta. Aliyeyachora hakuwahi kusubiri maji.

Kitu kimoja kilinivutia kweli. Sauti mle ndani inafuata umbali: ukimkaribia mtu unamsikia, ukimwacha anafifia. Basi watu wanajikusanya vikundi vikundi kama barazani, na unaweza kupita ukanasa neno hapa na neno pale. Nilimwongoza Shangazi asogee kwenye kikundi kimoja. Akasogea mpaka samaki wake akamgusa bega mtu mmoja. Sauti zilikuja wazi kabisa, kama ziko ndani ya duka, na zote zilikuwa Kiingereza. Akasimama pale kama mgeni aliyefika msibani asikojua mtu. Baku imekuwa hatua mbili kutoka mashine ya fotokopi, Kiingereza kiko palepale kilipokuwa. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita. Kiswahili kina siku yake, 7 Julai, tangu UNESCO ilipoipitisha mwaka 2021, na mwaka uliofuata Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi. Siku tumepewa, kiti bado.

Kwa ajili hiyo ukumbi uliwekewa mashine ya kutafsiri. Ukisema Kiswahili, maandishi ya Kiingereza yanatokea juu ya kichwa chako. Nilipoambiwa hivyo nilifurahi, nikajua mzigo umenipungua.

Shangazi alikuwa amejiandaa. Ana daftari, ni la mjukuu wake aliyemaliza darasa la saba, kurasa za nyuma zilizobaki. Humo ameandika kwa miaka kadhaa: bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) ya mwezi gani, kamba ngapi zimefungwa, ngapi zimepanda, ngapi zimegeuka nyeupe zikaanza kukatika. Mwani tunaolima pwani hii ni wa aina mbili, kotoni na spinosamu. Kotoni ndio wenye bei, na ndio usiovumilia maji ya moto: ncha zinapauka, zinalainika, kamba inabaki tupu. Spinosamu unavumilia lakini pesa yake ndogo. Zanzibar wameshajaribu kuuhamishia kotoni maji ya kina kirefu ambako kuna ubaridi, na kikwazo kinajulikana: huko kunataka chombo, na kunataka mtu anayejua kuogelea, wakati wanawake wengi walioingia kwenye mwani waliingia kwa sababu shamba lao ni la kutembea kwa miguu. Shangazi alitaka kuuliza hayo. Joto linapanda saa ngapi ya maji, ipo mbegu inayostahimili, na boti nani ananunua.

Zamu yake ilipofika alianza kwa salamu, kama alivyolelewa, kisha akaweka msingi kabla ya swali. "Sisi shamba tunakwenda wakati wa bamvua. Siku za maji mafu hatuendi, tunabaki nyumbani."

Juu ya kichwa cha yule samaki maandishi yakatokea kwa Kiingereza kwamba maji yetu yamekufa, hatuna tena mahali pa kwenda, tunakaa nyumbani.

Kimya. Kisha zikaanza kupaa kutoka kwa wasikilizaji: mioyo, nyuso za machozi, mikono ya dua, nyingine juu ya nyingine kama mapovu ya sabuni. Mama mmoja, sauti inamtetemeka, akamshukuru kwa ujasiri wake, akamuuliza inakuwaje moyoni mtu anapopoteza bahari iliyowalea wazazi wake. Nikalitafsiri swali.

"Bahari gani imepotea?" Shangazi akaniuliza. "Wanalilia nini hawa?"

Maji mafu, kwa asiye wa pwani, ni zile siku mwezi ukiwa nusu, maji hayajai sana wala hayapwi sana. Hayajafa. Yanakuja mara mbili kila mwezi, yalikuja enzi za masultani wa Kilwa, na wiki hii yatakuja tena. Nilijaribu kulisema hilo harakaharaka, nimevamia kipaza sauti cha kompyuta, lakini dakika tatu za Shangazi zilikuwa zimeisha. Msimamizi akasema ahsante kwa ushuhuda mzito, tumpishe kijana kutoka Pasifiki. Daftari halikufunguliwa.

Sina ugomvi na mashine. Mkalimani mtu naye hukosea, na mimi nimewahi kukosea vibaya zaidi mbele ya mkuu wa wilaya. Kilichoniuma ni jinsi kosa lilivyopokelewa. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa, aliyeuliza, "Yamekufaje?" Mtaalamu mwenzao angesema bahari ya kusini mwa Tanzania imekufa, wangemdai takwimu papo hapo. Kwa Shangazi ilitosha, kwa sababu ndicho walichokuwa wanakisubiri kutoka kwake. Upande aliowekwa uliandikwa mlangoni "Sauti za Jamii". Upande wa pili wa kuba, wenye chati na meza, ulikuwa wa wataalamu. Mwenye daftari la miaka kadhaa la kamba na bamvua alipangiwa upande wa kulia machozi.

Na hapa mwenye hatia si miwani peke yake. Mwaka 2021, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Glasgow, waziri wa mambo ya nje wa Tuvalu huko Pasifiki, Simon Kofe, alirekodi hotuba amesimama ndani ya maji ya bahari, suruali imekunjwa, mahali palipokuwa nchi kavu. Mwaka uliofuata akatangaza kwamba nchi yake ya visiwa tisa itajitengenezea nakala ya kidijitali, ili ikizama ibaki mahali. Alilisema kama aibu ya kuwatupia wakubwa. Wengi walilisikia kama habari ya teknolojia.

Tena kuna hili. Juni 2021 korona ilipowazuia kusafiri, wajumbe wenyewe wa majadiliano ya tabianchi walihamia mtandaoni kwa wiki tatu. Wakazungumza, wakaandika, lakini maamuzi rasmi wakayaacha mpaka watakapoonana ana kwa ana. Yaani wao wanajua ukumbi wa hewani unafaa kwa maneno, na jambo la kuamua linataka watu kukaa chumba kimoja. Halafu sisi tunaletewa ukumbi wa hewani na kuambiwa tumeshirikishwa.

Mzee wa korosho alipewa zamu ya mwisho upande wetu. Saa saba ilikuwa imegonga, chaji ya miwani inawaka nyekundu. Akaulizwa kama jamii yake inaunga mkono dunia kuachana na mafuta, makaa na gesi, kama ilivyoandikwa Dubai mwaka mmoja nyuma. Safari hii niliizima mashine, nikatafsiri mwenyewe neno kwa neno.

"Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982," akasema. "Bomba limekwenda Dar. Mimi napikia kuni za mkorosho. Sasa mnaponiambia niache gesi, niambieni kwanza niliianza lini."

Hakuna moyo uliopaa, wala uso wa machozi. Nadhani hapakuwa na kikatuni cha jibu la namna hiyo. (Waliokuwepo Mtwara mwaka 2013, mji ulipowaka kwa ghasia za kupinga bomba hilohilo, wanajua mzee alichagua maneno ya upole.)

Kesho yake niliandika barua ndefu kwa wale watafiti, yenye hasira kuliko ninavyopenda kukumbuka. Niliwakumbusha kwamba mwaka uleule wa Glasgow kulifanyika baraza la raia wa dunia lisilohitaji miwani yoyote. Watu 100 walipatikana kwa bahati nasibu kutoka nchi mbalimbali, wakakutana kwa video kwa wiki kadhaa, na kila mmoja akawekewa mtu wa karibu naye wa kumshughulikia intaneti na tafsiri. Kule pesa iliwekwa kwa mkalimani. Nikaandika kwamba bei ya miwani mmoja ingemlipa mtu anayejua tofauti ya bamvua na maji mafu, na chenji ikabaki ya nauli. Nikabonyeza kutuma kabla sijajuta.

Mmoja wao alijibu. Hakujitetea. Aliuliza: wewe na shangazi yako mngefanyaje?

Nilimpelekea Shangazi swali, nikamkuta anachagua mchele. Hakuinua kichwa. "Waje wao."

"Hawawezi, Shangazi. Nauli."

"Si wana lile lipiko? Wavae wao."

Tukafanya hivyo Machi 2025, wakati wa bamvua kubwa. Walituma kamera ndogo inayopiga pande zote kwa mara moja, imevaa ganda la kuzuia maji, nasi tukaifunga kwenye kigingi katikati ya shamba, usawa wa goti, wakati maji yamekupwa. Nikabonyeza, nikarudi mchangani. Ikapiga dakika 40.

Ninayo ile picha. Dakika ishirini za kwanza hakuna kinachotokea, na hapo ndipo kila kitu kipo. Wanawake sita wameinama. Unasikia kamba zinavyovutwa, maji yanavyolamba vigingi, na mazungumzo ya harusi ya mtu ambayo nililazimika kuyaombea ruhusa, maana mahari ilitajwa. Shangazi anafunga mbegu, fundo la kwanza, fundo la pili, anakaza kwa meno. Mtoto anapita na pweza. Kisha maji yanaanza kurudi, na huyaoni yakirudi. Unagundua tu kwamba yaliyokuwa kwenye vifundo vya miguu yako magotini, na wanawake wameanza kukusanya. Dakika ya thelathini na kitu, wimbi la kwanza linaifunika kamera. Kelele zote zinakatika. Chini ya maji mwani unayumba taratibu, na kwenye kamba ya tatu, karibu kabisa na jicho, unaona ncha nyeupe.

Chuo kiliomba tuikate iwe dakika tatu, kwa sababu watu hawawezi kuvaa miwani muda mrefu. Shangazi akakataa. "Wakikata watajuaje kama kazi ni ndefu?" Nikaipakia kutoka dukani kuanzia saa tatu usiku, ikamaliza muadhini anaita alfajiri.

Watu saba waliivaa, dakika 40 zote, wamesimama. Mmoja alivua katikati, akarudi. Baadaye tukapigiana kwa simu ya kawaida ya video, Shangazi kichwani ushungi wake, nami natafsiri. Hakuna aliyempa pole. Wa kwanza aliuliza kwa nini fundo linafungwa mara mbili. Wa pili, ambaye ni mtu wa elimu ya bahari, aliuliza ile kamba ya tatu ilianza kupauka lini. Shangazi akafungua daftari. Wakazungumza saa nzima, na mara mbili walinisahau kabisa, mmoja akitaja namba na mwingine akionyesha kwa vidole. Yule wa elimu ya bahari akasema kinachokosekana kwenye daftari ni joto, akaahidi kutuma kipimo kidogo cha kufunga kwenye kigingi, kinachojirekodi chenyewe.

Mwishoni Shangazi akauliza la kwake. Kwenye redio alisikia habari za Mfuko wa Hasara na Uharibifu, wa kusaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, uliokubaliwa Misri 2022 na kuanzishwa Dubai. Mlango wake uko wapi? Kati ya wale saba alikuwepo mmoja aliyewahi kukaa kwenye majadiliano. Akavuta pumzi, akaeleza kwamba maombi hupitia serikali na taasisi, mtu mmoja mmoja hana pa kugonga. Na kwamba Baku walikubaliana dola bilioni 300 kwa mwaka ziende nchi zinazoendelea, kufikia 2035.

"Mwaka 2035," Shangazi akarudia, akaliandika kwenye daftari, chini ya kamba za mwezi ule. Hakusema zaidi.

Boksi la miwani bado liko dukani, juu ya kabati, hawajaja kulichukua. Juzi Shangazi alipita kutoka sokoni, akaweka kikapu chini, akaliangalia.

"Kile kipimo kimekuja?"

"Bado, Shangazi. Wanasema kiko njiani."

"Haya. Jumanne bamvua. Njoo unishikie kamba."